R6 inacheza mkia nikipanda Timboroa: ni tairi, ni upepo au ni mimi?

Mla_Lami_Nax
Wadau, habari za Jumatatu. Nina pikipiki ya Yamaha R6 ya 2009, cc 600, niliinunua mkononi mwa jamaa mwezi wa tatu, niko nayo hapa Section 58, Nakuru. Mjini haina neno. Njoro naenda na kurudi nikicheka peke yangu ndani ya helmeti. Shida ni nikitoka Salgaa kuelekea Mau Summit na Timboroa. Ikipita 130 hivi mkia unaanza kucheza. Si mtetemo wa haraka, ni kama mtu ameshika kiti kwa nyuma anakivuta polepole: kushoto, kulia, kushoto. Nikiachia mafuta inatulia.

Halafu kuna hili la pili. Gia ya nne ambayo huku chini inanivuta mabega, kule juu inapanda kama mzee anayetoka kanisani.

Tairi ya nyuma ni saizi 180/55. Pembeni ina meno mazuri, katikati imekuwa bapa, unaweza kuweka kikombe cha chai hapo na kisimwagike. Upepo wa tairi ni PSI 36 mbele na 42 nyuma kama kibandiko kinavyosema, kijana wa petroli ndiye hunijazia. Nieleweshwe kabla sijaanza kununua vitu ovyo.

Kipara_cha_Nyuma
Mazee, umeshajijibu. Matrela yameikanyaga lami ya hapo Salgaa mpaka imefanya mifereji miwili. Tairi ya mviringo inaupanda ukingo wa mfereji taratibu. Tairi bapa inasimama kwenye kona yake moja halafu inaangukia nyingine. Hiyo ndiyo kushoto, kulia, kushoto yako. Nunua tairi, funga uzi.

R15_na_Amani
130 kwenye mlima wa Salgaa, na matrela yote yale? Mimi R15 yangu haichezi mkia kabisa, sababu ikipanda kule haifiki hiyo 130. Tatizo limetatuliwa kiwandani.

Dada_Ninja_KSM
Asifunge uzi, nimefika sasa hivi.

Kabla hujatoa pesa, soma umri wa tairi. Ubavuni tafuta herufi DOT, ufuate hadi mwisho, utakuta tarakimu nne ndani ya kiduara kama yai. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Kabla ya hii Ninja 400 nilikuwa na 250, aliyeniuzia aliniapia tairi ni mpya. Na kweli, meno yote yalikuwepo, hata zile nywele za mpira. Asubuhi moja ya manyunyu hapo Mamboleo nikalala chini nikiwa kwa spidi ya baiskeli. Nilipoinuka nikapangusa ubavu na kitambaa: 3408. Ilikuwa imekaa stoo miaka na miaka ikisubiri mjinga.

Fundi_Mstaafu
Salaam. Nimefungua pikipiki kubwa hapa Nakuru miaka kumi na tisa. Kipara amekimbilia jibu, ingawa huenda amelipata.

Kuna kutikisika kwa aina mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza iko kwenye usukani, ni ya haraka, unaisikia viganjani, na mara nyingi hutokea ukipunguza mwendo kutoka 80 kwenda 60. Hiyo tafuta mbele: tairi, balansi, bearingi za shingo. Ya pili ni ya polepole, inaanzia mkiani, inakuja spidi ikiwa juu. Hiyo tafuta nyuma: tairi, upepo, shokapu, bearingi za mkono wa nyuma (ule unaoshika gurudumu), na mzigo. Wewe una ya pili.

Swali langu: huwa umebeba nini?

Mla_Lami_Nax
Mzee wangu, shikamoo. Begi la mkiani, nalifunga na mipira. Huwa na jaketi la mvua na zana. Kusema kweli nikienda ni unga na sukari za mama mkwe Burnt Forest, nikirudi ni viazi. Jumamosi vilikuwa kama kilo tisa.

R15_na_Amani
Jamaa anabeba viazi na R6. 😂😂 Wahandisi wa Japani wakisikia hili wataitisha mkutano.

Kipara_cha_Nyuma
Kilo tisa kwenye mkia wa R6? Kile kiti cha nyuma ni saizi ya kitabu cha nyimbo. Mzigo umekaa juu na nyuma ya ekseli, unainua pua. Sawa, naongeza: tairi NA viazi.

Kericho_Saa_Tisa
Chamgei. Mnazungumzia chuma tu, mpanda je? Mimi ni mwenyeji wa barabara hizo, kila wiki niko Mau Summit. Ukishapita msitu, mashamba yanafunguka na upepo unakujia ubavuni. R6 inakulaza mbele, uzito wote unaenda viganjani. Upepo ukipiga, unakaza mikono. Ukikaza, kifua chako kinayumbishwa na upepo na mikono inapeleka ule mwendo moja kwa moja kwenye usukani. Yaani wewe ndiye unayeitikisa.

Jaribu hivi: bana tangi kwa magoti, legeza viwiko mpaka uweze kuvipiga kama mabawa ya kuku. Ikiacha kucheza, ni wewe. Haina gharama hata shilingi.

Omera_Busa
Omera, nina Hayabusa ya 2012, cc 1340, natoka nayo Kondele hadi Eldoret na haijawahi kutikisa hata kioo. Hiyo 600 ni nyepesi. Dawa ni uzito.

Fundi_Mstaafu
Si uzito peke yake, kijana wangu. Pima kutoka ekseli hadi ekseli. Busa ni milimita 1,480, R6 ya mwaka wake ni 1,380. Hizo sentimita kumi ndizo utulivu wako kwenye lami iliyonyooka. Na ndizo zinazokutoa jasho kwenye kona za Tambach akikupita mtoto wa Ninja 400.

Dada_Ninja_KSM
Mtoto wa Ninja 400 anasema asante. 😊

Omera_Busa
Nilikuwa nimesimama nikipiga picha, hiyo siku isihesabiwe.

CBR_Mwanza
Wakuu, poleni kwa majukumu, nasoma uzi huu kutoka ng'ambo ya ziwa. Mimi natumia CBR600RR. Honda kuanzia 2007 waliiwekea damper ya usukani ya kielektroniki, kile kifaa cha kuzuia usukani usitikisike, inakaza spidi ikipanda. R6 haikuja na damper kiwandani. Mkuu nunua damper, utalala usingizi.

Fundi_Mstaafu
Damper inatibu ile aina ya kwanza niliyoieleza juu. Hii ya mkiani haiitibu, na ukiikaza sana unaweza hata kuizidisha. Nimeona watu wakinunua damper ya maelfu ya shilingi kuficha bearingi ya shilingi mia chache. Tusimtume kijana dukani bado.

Mla_Lami_Nax
Asanteni. Nimetoka nje na tochi. Tarehe haikuwa upande wa ekzosi, nimelala chini upande wa cheni, nimepangusa grisi na soksi ya mtoto. 0814.

Dada_Ninja_KSM
Wiki ya 8, 2014. Mungu anakupenda. Itoe hiyo kitu leo.

Kipara_cha_Nyuma
Nilisema tairi. Nilisema!

Mulembe_636
Mulembe wadau. Niko Webuye na ZX-6R. Tairi ni tairi, lakini hakuna aliyejibu swali la pili, la nguvu kupungua. Mimi nadhani ni mafuta. Kuna petroli moja njiani, sitaitaja, kila nikijaza hapo pikipiki inakohoa hadi nyumbani.

Mwalimu_Maseno
Hilo niachieni. Nafundisha fizikia na nina Ninja 300, kwa hiyo nimelifikiria sana, kwa kuwa nguvu zenyewe ninazo chache.

Injini inakula hewa, na kule juu hewa ni nyembamba. Kisumu tuko kama mita 1,130 juu ya bahari. Nakuru ni kama 1,850. Timboroa ni zaidi ya 2,700. Injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. R6 inatajwa kuwa na nguvu za farasi mia na ishirini na kitu kwenye usawa wa bahari. Timboroa unabaki na tisini na kitu. Hukuibiwa, ni mlima.

Mulembe_636
Mwalimu, hapo nakupinga. Hizi pikipiki ni za sindano (fuel injection), si kabureta. Kompyuta inasoma hewa na kurekebisha yenyewe. Ndiyo maana watu walihama kabureta.

Mwalimu_Maseno
Inarekebisha mchanganyiko, haitengenezi hewa. Ni kama mama anayepika ugali: unga ukipungua anapunguza maji, ugali unakuja mzuri, lakini ni mdogo. Kabureta ingeendelea kumwaga maji yaleyale na upate uji. R6 za kwanza kabisa, 1999 hadi 2002, zilikuwa za kabureta, hizo kule juu zinatoa moshi mweusi na plagi zinakuwa nyeusi tititi.

Kericho_Saa_Tisa
Mwalimu umesahau joto. Hewa ya Kisumu saa nane mchana ni ya moto, na hewa ya moto nayo ni nyembamba. Nakuru kuna baridi. Mimi naona Nakuru pikipiki inavuta karibu sawa na Kisumu.

Mwalimu_Maseno
Uko sahihi kwa sehemu. Nimekaa na kikokotoo: Kisumu nyuzi 30, Nakuru nyuzi 20, Kisumu bado inashinda lakini kwa kama asilimia 5 tu. Kwa makalio huwezi kuzihisi. Timboroa ndiyo inaachwa mbali.

Na nikiwa hapo hapo, upepo wa tairi. Ukijaza 42 Kisumu kwenye nyuzi 30 ukapanda hadi Timboroa kwenye nyuzi 14, baridi inakula kama PSI 3. Lakini hewa ya nje nayo imepungua msukumo, kwa hiyo geji inakurudishia kama 2. Unafika na 41. Watu wanaosimama Mau Summit kupunguza upepo "kwa sababu ya mlima" wanajisumbua.

Omera_Busa
Wewe ndiye mwalimu ambaye mitihani yake watu walikuwa wanakimbia.

R15_na_Amani
Binamu yangu ana R6 anasema injini inazunguka hadi mara 17,500 kwa dakika. Hata ikipoteza robo, bado inapiga kelele kuliko trela.

Kipara_cha_Nyuma
Hiyo 17,500 ni hadithi ya matangazo ya 2006. Yamaha wenyewe walikuja kukiri saa ya mizunguko ilikuwa inasoma juu, ukweli ulikuwa kama 16,200. Wakasema mwenye kinyongo arudishe pikipiki wainunue tena.

R15_na_Amani
Nani alirudisha?

Kipara_cha_Nyuma
Si mimi. Mwaka huo nilikuwa darasa la sita.

Mla_Lami_Nax
Turudi kwa tairi jamani. Duka moja wananiambia 180/55 hawana, nichukue 190/50, "ni pana zaidi, inashika zaidi". Nyingine wana Pirelli Rosso III na Michelin Road 5. Nataka ya kunifikisha Eldoret na kurudi, si ya kushindana.

Fundi_Mstaafu
190 usikubali. Rimu yako ni inchi 5.5. Ukivalisha 190 inabanwa kifua, inapata umbo la yai, na utarudi hapa kuuliza kwa nini haitaki kulala kwenye kona. Omera ana 190 kwa sababu rimu yake ni inchi 6. Angalia pia maandishi 73W. 73 ni uzito, kilo 365. W ni spidi, hadi 270. Wapo wanaouziwa H, ambayo ni 210, kwa sababu "huwezi kufika huko". Huenda hufiki, lakini mpira wenyewe umetengenezwa kwa kazi nyingine.

Dada_Ninja_KSM
Kwa safari zako chukua Road 5. Nilikuwa nayo, ile 150/60 ya Ninja. Mpira wa katikati ni mgumu, pembeni ni laini, kwa hiyo hailiwi bapa haraka. Nilipata kilomita 11,000 nyuma. Na kwenye maji haina mfano. Niliondoka Kisumu saa saba nikielekea Nakuru, Kericho nikaingia saa tisa...

Kericho_Saa_Tisa
Saa yetu hiyo.

Dada_Ninja_KSM
...na mvua yenu ikanikuta na mawe yake juu. Barabara nyeupe. Nikasimama chini ya paa la kibanda cha mahindi na waendesha boda kumi na wawili, mmoja akaniuliza hiyo pikipiki inakunywa petroli ya ndege. Ilipopungua nikaondoka, gia ya tatu, mkono mwepesi, sikuteleza hata mara moja. Wakati ule ule Probox mbili zilikuwa mtaroni zinatazamana.

Mulembe_636
Rosso III ni tamu zaidi kwenye kona, ukipenda Nandi Hills kushuka Chemelil hakuna kama hiyo. Lakini nyuma nilipata 6,000 tu. Halafu Chemelil yenyewe hata uwe na tairi la Rossi, yule bingwa wa mbio za pikipiki: matrekta ya miwa yanaangusha. Nilikanyaga muwa mmoja uliosagwa, mbichi, una maji. Ilikuwa kama kukanyaga sabuni. Gurudumu la mbele lilienda kama nusu mita pembeni na roho yangu ikatangulia hadi Muhoroni.

R15_na_Amani
Na matairi haya yakipata pancha?

Mulembe_636
Usipeleke kwa fundi wa boda. Nawaheshimu, ndio wananiokoa na mengine yote, lakini mmoja alichukua nondo akanikwangulia rimu mpaka ikatoka shepu, halafu akatia tyubu ndani ya tairi isiyo na tyubu. "Boss sasa hii hata milele." Milele ilikuwa kilomita thelathini. Beba utambi wa kuziba na pampu ndogo ya betri. Tema mate au paka maji ya sabuni, tafuta povu, ziba, tia upepo, nenda nyumbani polepole.

CBR_Mwanza
Na geji yako mwenyewe, mkuu! Mimi sheli fulani walikuwa wananisomea 42, geji yangu inasema 35. Miezi minne nimeendesha tairi laini nikilaumu shokapu.

Fundi_Mstaafu
Hilo la CBR litazamwe. PSI 35 nyuma, na mzigo, na tairi bapa: mkia lazima ucheze. Tena upime asubuhi tairi ikiwa baridi, si baada ya kutoka Salgaa.

Mla_Lami_Nax
Wiki mbili baadaye, narudi na majibu, shukrani kwa wote.

Nilichukua Road 5, 180/55. Nimenunua geji. Petroli ninapojazia husoma 42, kumbe ni 38. Pale kwa fundi gurudumu lilipofunguliwa akaniita nione: alama za kukaza cheni hazilingani, kushoto iko kwenye mstari wa tatu, kulia wa nne. Aliyefunga mwisho aliliacha gurudumu limepinda. Limenyooshwa. Begi nimeacha nyumbani. Kilomita mia za kwanza nimeenda polepole mpaka ule utelezi wa tairi mpya uishe, nikienda Mogotio na kurudi.

Jana nikapanda. Salgaa kimya. Mau Summit kimya. Nimeenda magoti yamebana, viwiko vya kuku. Kabla tu ya Timboroa, pale kwenye mashamba, ikacheza kidogo mara moja, ikaacha.

Kipara_cha_Nyuma
Tairi. Kesi imekwisha.

CBR_Mwanza
Upepo wa tairi, mkuu.

Kericho_Saa_Tisa
Viwiko. Na pale ilipocheza ni pale pale nilipotaja upepo wa ubavuni.

Fundi_Mstaafu
Gurudumu lililopinda halijatajwa na yeyote, kumbe lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Hata mimi sikuuliza. Ila bearingi za mkono wa nyuma bado sijasikia kama zimeangaliwa.

Mwalimu_Maseno
Kijana umebadilisha vitu vitano kwa siku moja. Huo si uchunguzi. Rudisha kimoja kimoja tujue. Anza na begi.

Mla_Lami_Nax
Mwalimu, kwa heshima, siirudishi ile tairi ya 2014 kwa ajili ya sayansi.

R15_na_Amani
Na viazi sasa vinakuja na nini?

Mla_Lami_Nax
Matatu. Mama mkwe ameuliza kama pikipiki imeuzwa.

Na tairi la zamani liko uani, kijana wangu analisukuma kwa fimbo kutoka kwenye lango hadi kwenye tangi la maji. Kwake haliyumbi hata kidogo.